Nyusi za Shangazi

Mwanamke aliyefundisha darasa la kwanza miaka kumi na minane hawezi kukaa na uso mkavu. Mtoto akisoma "ba", na yeye mdomo unafanya "ba". Mtoto akishika penseli vibaya, vidole vyake yeye vinakunjana. Shangazi alikuwa hivyo hivyo. Uso wake ulifanya kazi kuliko mikono yake, na uso huo ndio uliokuwa ukiwatoa watoto wa watu kwenye kulia mlangoni mpaka wakaandika majina yao wenyewe.

Jina la Shangazi alilipata chuoni. Alirudi kusoma akiwa na miaka arobaini na miwili, anatafuta shahada ya uzamili ya saikolojia ya shule. Ni kazi ya kukaa na mtoto mmoja mmoja, kumpima na kumsikiliza, kisha kuwaeleza walimu na wazazi kwa nini masomo hayaingii. Wenzake walikuwa vijana wa miaka ishirini na tano wanaochapa kompyuta huku wanapiga soga. Yeye alichapa kwa vidole viwili, akitafuta herufi kama anayechambua mawe kwenye mchele. Siku ya kwanza kijana mmoja alimvutia kiti akasema, "Karibu Shangazi," na jina likaganda hapo hapo.

"Lakini Shangazi," walimuuliza, "wewe una kazi, una mume, una nyumba. Umefuata nini kwenye mateso haya?"

"Nimefuata watoto wa dawati la nyuma," akawajibu. "Kila mwaka nilikuwa nao watatu au wanne. Hawaelewi, na mimi sielewi kwa nini hawaelewi. Mwisho wa mwaka nawapandisha darasa na aibu yangu. Nimechoka."

Msimamizi wao alikuwa mama mmoja mwembamba, mkali kama wembe mpya, ambaye wote walimwita Daktari ingawa hajawahi kumchoma mtu sindano. Jambo alilowapigia kelele tangu siku ya kwanza lilikuwa moja: anayepima mtoto hasaidii.

"Maneno ya kitabu yasomwe kama yalivyo. Usiongeze 'mwanangu', usiongeze 'jaribu tena kidogo'. Hakuna kusifia wala kuguna. Ukimsaidia, umejipima wewe."

Shangazi aliyaandika yote hayo kwenye daftari kwa wino mwekundu na kuyapigia mistari miwili. Mdomo wake aliuweza. Ilimchukua mwezi mzima, akimeza "vizuri sana" na "aaah, angalia tena" mpaka koo likamuuma, lakini mwisho aliuweza.

Muhula wa tatu walipelekwa mashuleni kufanya kazi yenyewe. Shangazi alipangiwa shule ya msingi yenye madarasa marefu ya matofali na ofisi moja inayovuja. Wakampa chumba cha stoo, akafagia, akatoa madawati yaliyovunjika, akabandika karatasi mlangoni: TAFADHALI USIGONGE. Bila shaka walimu wote waligonga kuuliza kwa nini wasigonge.

Mtoto wa kwanza aliyeletwa alikuwa msichana wa darasa la tatu. Wenzake walimwita Kinyonga, kwa sababu alifanya kila kitu polepole na macho yake hayakutulia. Shangazi hakulipenda jina hilo hata kidogo, akamwita Bibie.

"Huyu ni mzito," Mwalimu wa darasa la tatu alisema, tena mbele ya mtoto mwenyewe. "Hajibu, hanyanyui mkono, ukimuuliza anakutolea macho. Mimi nina watoto sabini na moja. Kuna shule ya bweni ya watoto wenye mahitaji maalumu, mbali kidogo lakini nzuri. Kikao ni Ijumaa ijayo. Wewe tupimie tu, tumalize."

Shule ile ilikuwa nzuri kweli, hilo halikuwa na ubishi. Swali lilikuwa kama ni ya huyu. Bibie alilelewa na bibi yake, mama yake akifanya kazi mji mwingine. Akienda bweni, angeonana na bibi mara tatu kwa mwaka.

Basi Shangazi akampima. Kamera ndogo ilikuwa kwenye rafu, saa ya kuhesabia sekunde mkononi, kitabu cha picha mezani. Kila ukurasa ulikuwa na umbo lenye pengo, na chini yake picha tano. Mtoto achague moja inayojaza pengo. Bibie alinyoosha kidole chake chembamba na kukitembeza juu ya zile picha tano taratibu, kama mtu anayepapasa vitambaa dukani. Kilipofika mahali kikasimama. Sahihi. Ukurasa wa pili, sahihi. Wa kumi na tano, sahihi. Katika maswali ishirini na manne mtoto aliyeitwa mzito alipata ishirini na mawili, na hakusema neno hata moja.

Shangazi alitoka pale anatembea kama aliyeokota dhahabu. "Mzito!" alijisemea njiani, mpaka muuza magazeti akageuka. "Uzito wake mwenyewe kamtwisha mtoto!" Alikuwa anamsema Mwalimu. Kaulimi kake Shangazi nako kalikuwa hakalali.

Sasa, mumewe alikuwa fundi saa. Mtu wa maneno machache, anayekaa na kioo cha kukuzia kwenye jicho moja akiangalia vigurudumu vidogo kama punje za mchanga. Wanafunzi waliruhusiwa kufanya mazoezi na watu wazima wa nyumbani kwa kitabu maalumu cha mazoezi, kwa hiyo Jumapili mchana Shangazi alimkalisha mezani.

"Haya mzee, weka saa za watu chini. Kuna picha tano. Chagua moja."

Fundi saa akachagua. Sahihi. Akachagua tena. Sahihi. Ukurasa wa sita Shangazi akagundua kwamba mume wake hata haangalii kitabu. Kamkazia macho yeye, tena macho yale ya enzi za uchumba.

Shangazi akaona haya. "Unaniangalia nini hivyo, mtu mzima mwenzangu?"

"Naangalia majibu."

"Majibu gani?"

"Kidole kikifika kwenye picha yenyewe, nyusi zako zinapanda. Kikipita, zinashuka. Kidogo tu, kama ule waya mwembamba wa ndani ya saa unavyocheza." Akachukua kikombe chake cha chai. "Nilidhani ndivyo mnavyofundishwa."

Shangazi hakucheka. Alikaa ameshika tama, uso aliokuwa akiusifu miaka yote ukimwaka moto. Kisha aliingia chumbani, akafunga mlango, akafungua video ya Bibie. Hakumwangalia mtoto. Alijiangalia mwenyewe. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kama mkoba wa bahili, lakini juu ya macho nyusi zake mbili zilikuwa zinapanda na kushuka kama watu wawili kwenye bembea. Na macho ya Bibie yalikuwa hapo hapo, hayakubanduka. Mtoto hakuangalia picha hata mara tatu.

Zile alama ishirini na mbili zilikuwa za Shangazi mwenyewe.

Hakuna aliyejua isipokuwa fundi saa, na fundi saa hasemi. Daktari angeisoma ripoti Alhamisi, na video angeangalia dakika mbili tatu tu, maana wanafunzi walikuwa tisa na macho yake yalikuwa mawili. Shangazi akinyamaza, Ijumaa Bibie anabaki shuleni kwake na kwa bibi yake. Akisema, jaribio linakufa, na Mwalimu wa darasa la tatu anapata anachokitaka.

Jumatatu ilikuwa zamu ya kumtembelea mtoto nyumbani, kama fomu zilivyotaka. Shangazi alienda na moyo mzito na fomu nyepesi. Vilikuwa vyumba viwili vya kupanga, vimefagiliwa hadi uvunguni. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mito. Kiharusi kilimpiga miaka mitatu nyuma, kikamchukulia ulimi na upande mzima wa kulia. Nusu ya uso ililala. Nusu ya pili ilikuwa macho, imemwangalia mgeni kwa adabu zote.

"Bibi anakukaribisha," Bibie alisema. Ndiyo kwanza Shangazi asikie sauti yake. Ilikuwa sauti ya kawaida tu, ya mtoto wa kike mwenye nyumba yake. "Anauliza kama utakunywa chai."

"Kauliza saa ngapi? Mbona sijasikia?"

"Kauliza hapa." Mtoto akajigusa juu ya jicho la kushoto.

Kisha Bibi akawa anataka kitu. Bibie aliinuka, akaenda kwenye rafu, akanyoosha kidole na kukitembeza taratibu juu ya vitu, huku macho yake yako kwa Bibi: kitana, kikombe, dawa, leso, redio. Kwenye leso, unyusi wa kushoto wa yule mama mtu mzima ulipanda kidogo mno. Kidole kikasimama. Mtoto akachukua leso, akamfuta Bibi kona ya mdomo, akairudisha, wala hakuona kama amefanya jambo.

Shangazi alikitambua kile kidole. Ni kile kile kilichotembea juu ya kitabu chake. Mtoto aliyezoea kusoma nusu ya uso, amewekewa uso mzima wenye nyusi mbili zinazopiga kelele! Angekosaje?

"Akitaka kitu wewe ukiwa shule, inakuwaje?"

"Jirani anamwangalia. Lakini hajui kusoma. Anampa chai kila saa." Bibie akashusha sauti. "Bibi hapendi chai nyingi."

Unyusi wa Bibi ulipanda, kukubali. Shangazi akacheka, akageukia dirishani upesi kabla kicheko hakijageuka kitu kingine. Nani angemsomea mama huyu akibaki na jirani na birika lake? Njia nzima ya kurudi, kunyamaza kulionekana ndio utu.

Lakini kila akilala, hilo halikumkaa vizuri. Jumatano asubuhi alikuwa mlangoni kwa Daktari kabla mwenye ofisi hajafika na funguo.

"Nimeharibu jaribio," alisema, hata salamu hakumaliza. "Nilimpa majibu kwa nyusi. Zote. Video hii hapa."

Daktari aliangalia dakika kumi. Kisha akavua miwani. "Kwa hiyo alama zimekufa."

"Zimekufa."

"Na mazoezi yako ya muhula huu yamekufa nazo. Utayarudia. Wenzako watavaa majoho, wewe utakuwa unapiga makofi."

"Najua."

"Mimi nisingeiona hii. Kwa nini umeniletea?"

Shangazi alikuwa amelifikiria jibu tangu Jumatatu. "Kwa sababu leo wanamwita mzito, na angalau wanamwonea huruma. Nikiwapa zile alama, watasema kumbe ana akili, basi ni mvivu, na huruma itaisha. Mwakani atakuwa bado hajui kusoma ubaoni, na mimi sipo. Nitakuwa nimemwacha dawati la nyuma na cheti cha uongo."

Daktari akavaa miwani yake, akaonekana kutafuta kitu kwenye droo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Kesho lete ripoti ya ukweli," alisema. "Na ya nyumbani kwake uiandike yote. Mpaka leso."

Ijumaa walikaa wanne ofisini kwa Mwalimu Mkuu, yeye, Mwalimu wa darasa la tatu, Daktari na Shangazi, ndoo ikipokea matone kwenye kona. Shangazi alisoma ripoti yake. Alipomaliza, Mwalimu wa darasa la tatu aliangua kicheko.

"Kwa hiyo hana akili! Aliibia!"

"Mwalimu," Shangazi akamgeukia, "samahani nikuulize. Ukiwa unaandika ubaoni, unaangalia wapi?"

"Ubaoni. Niangalie wapi, dirishani?"

"Na ukiwa unaeleza?"

"Naeleza huku naandika. Muda wenyewe uko wapi, na watoto sabini na moja?"

"Basi siku nzima mtoto huyu unampa kisogo. Yeye kajifunza lugha moja tu ya watu wazima, nayo iko usoni. Anakusubiri ugeuke. Ukigeuka, umekunja ndita, unamuuliza swali. Unadhani atasoma nini hapo?"

Mwalimu Mkuu alikohoa kile kikohozi cha mtu anayeficha tabasamu.

"Mimi sisemi ana akili, sisemi hana," Shangazi akaendelea, taratibu sasa. "Nasema bado hatujui. Na kosa la kutojua ni langu, si lake. Naomba asihamishwe kwa kosa langu."

Mwalimu Mkuu aligonga kalamu mezani. "Muhula mmoja," alisema. "Apimwe tena kwa jaribio lingine. Akishindwa, anakwenda bweni, na hapo sitaki hadithi za leso. Nani atampima?"

"Yeye," Daktari alisema, akimwonyesha Shangazi kwa kidevu.

Ndipo ilipoanza kazi ya kuufundisha uso uliokwisha kuzeeka na tabia zake. Vijana wa chuoni walileta ushauri mwingi: avae miwani mipana, ashushe kitambaa mpaka machoni, anyoe kabisa nyusi. Daktari alikataa yote. "Mtoto hatafichwa uso. Utajifunza kuwa naye bila kumvuta."

Mwalimu wake halisi akawa fundi saa. Kila jioni kabla ya chakula walikaa mezani na kitabu cha mazoezi. Mume akiipatia picha kwa kumwangalia mkewe, Shangazi anaosha vyombo. Akikosa, anaosha yeye. Wiki tatu nzima fundi saa hakugusa sahani.

"Umekaza," alimwambia. "Saa iliyokazwa sana inacheza zaidi. Legeza. Mpende mtu bila kumwambia jibu."

"Hayo umeyatoa wapi wewe?"

"Mimi nimekaa na wewe miaka ishirini," alisema fundi saa, "majibu sijawahi kupewa." Na usiku huo ndipo alipoanza kuosha vyombo.

Kule shuleni Mwalimu wa darasa la tatu alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaanza kuandika ubaoni asubuhi kabla watoto hawajaingia, ili akieleza awe amewageukia. Alidai ni wazo lake la siku nyingi. Shangazi akamwachia. Bibie aliletwa dawati la mbele. Hakuanza kunyanyua mkono kama kwenye hadithi za kitabuni. Ila wiki ya tano, Mwalimu mwenyewe alikuja kugonga mlango wa USIGONGE, akasema, kwa shida kama anayetapika mfupa, "Leo kanijibu. Sauti anayo."

Siku ya kupimwa ilifika. Stoo ile ile, kamera ile ile, ila Daktari alikuwa kwenye kona safari hii. Shangazi alisoma maneno ya kitabu kama yalivyo. Bibie akanyoosha kidole, akakitembeza picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, macho juu. Hakuna kitu. Uso wa Shangazi ulikuwa mlaini, wazi, umetulia kama maji mtungini. Kidole kikarudi, kikapita tena. Mtoto akachagua tu. Makosa. La pili, makosa.

Moyo wa Shangazi ulipiga mpaka akahofu kamera itausikia. Kuna shule ya bweni mbali, kuna unyusi mmoja kwenye kiti cha mito, na yeye mwenye majibu yote amekaa hapo kama sanamu. Hakuna kitu kigumu alichowahi kufanya kama kile, na alikwisha kuzaa mara mbili.

Kwenye swali la tatu Bibie alimwangalia muda mrefu. Kisha, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani na kupapasa kwa mguu, aliteremsha macho. Akaangalia kitabu. Kichwa kikainama upande mmoja. Mdomo ukaanza kusema peke yake bila sauti. Kidole hakikutembea tena. Kilikaa pembeni kikisubiri, kisha kikaenda moja kwa moja kwenye picha moja na kuigonga.

Baada ya hapo hakuinua macho kwa kurasa kumi na moja.

Alimaliza na kumi na tano. Si alama za kupigiwa vigelegele. Zilikuwa alama za mtoto wa kawaida wa umri wake, aliyechelewa kwenye mambo fulani na anayeweza kufuatwa huko huko darasani. Lakini zilikuwa zake, kila moja.

Shangazi alifunga kitabu na kuzima saa. Bibie akasogea, akamchungulia usoni kwa wasiwasi.

"Mwalimu, na wewe imekupata? Kama Bibi?"

Ilimchukua Shangazi kitambo kuelewa. Mtoto alidhani uso umepooza! Basi akauachia wote, nyusi, mashavu, mdomo na machozi, akacheka mpaka akashika meza. "Hapana, bibie wangu. Nilikuwa nimeupumzisha tu." Kule kwenye kona Daktari alikuwa tena anatafuta kitu, safari hii kwenye mkoba.

Shangazi alimaliza chuo muhula mmoja nyuma ya wenzake, na siku ya majoho yao alikaa kwenye viti vya wageni akiwapigia makofi mpaka viganja vikawaka. Lakini hilo lilikuja baadaye. Jioni ile ile Mwalimu Mkuu alipotia saini, yeye alishika njia kwenda kwenye vile vyumba viwili, kwa sababu mlezi wa mtoto lazima aelezwe matokeo ana kwa ana. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya Bibi ili uso uelekeane na uso.

"Mama, mtoto anabaki," alisema. "Hapa hapa. Na wewe."

Unyusi wa kushoto ulipanda. Haukushuka. Ulibaki juu, unatetemeka kidogo, na chini yake jicho likajaa.

Bibie aliyekuwa anamimina chai akaja mbio. "Mwalimu, Bibi anasema kwamba—"

"Hebu nyamaza wewe," Shangazi akamwambia, akishika ule mkono wa Bibi uliolala. "Hiyo nimeisoma mwenyewe."